Mwalimu wa Mabizimu

Mwalimu hakuwahi kuvaa mkanda. Nyumbani alifunga kikoi, akakikunja kiunoni na kukiacha hapo, na akitoka alivaa kanzu. Suruali sikumwona nayo hata siku moja. Nalisema hili mwanzo kwa sababu huyu ndiye mtu aliyejua habari za mikanda kuliko mtu yeyote niliyekutana naye, na mikanda yenyewe si hii yetu ya dukani. Ni ya askari wa Kirumi wa zile karne za mwisho mwisho, dola yao ilipokuwa imeanza kuchoka. Ngozi zake zilishaoza zamani. Kilichobaki ni shaba: bizimu, yaani kifungio, lenye ulimi wake, vibati vilivyopigiliwa kwenye ngozi ili isijikunje, na ile ncha nzito iliyoning'inia mwishoni. Ukimpa Mwalimu kimoja kati ya hivyo, akakigeuzageuza, alikuambia kilitengenezwa lini, kilivaliwa sana au kidogo, na kama aliyekuuzia ni mwizi.

Mimi ni dereva. Nilitoka Machakos nikaja Riyadh kumwendesha bosi mmoja wa mtaa wa Al-Malqa, tajiri wa majengo, na bosi huyo ndiye aliyekuwa kafili wa Mwalimu pia, yaani mdhamini ambaye jina lake lilikuwa kwenye ikama yake, kile kibali cha kukaa nchini. Bosi alikusanya vitu vya kale jinsi matajiri wengine wanavyokusanya magari, na magari pia alikusanya. Alinunua kwenye minada ya Ulaya, vitu vikaja kwa ndege vikiwa vimelazwa ndani ya sponji, halafu akamwita Mwalimu aje avitazame na kuvipa umri. Mwalimu aliishi Jeddah, kule Karantina, kwa sababu mkewe alikuwa akitibiwa Jeddah na chumba cha Karantina ndicho walichokimudu. Kazi yangu ikawa kumleta na kumrudisha. Ni safari ya kutwa nzima, jangwa kushoto, jangwa kulia. Miaka ikapita hivyo, na mimi ambaye historia niliiacha shule ya msingi nikajikuta najua tofauti ya bizimu lenye vichwa vya pomboo na lile lenye vichwa vya farasi.

Kabla ya kufika Makka ipo njia ya kuchepukia sisi tusio Waislamu. Mwalimu angeweza kushuka hapo, akapanda gari jingine, akapita mjini na kuswali kama watu wenye haki hiyo, kisha tukakutana upande wa pili. Nilimwambia hivyo mara nyingi. Alikuwa akijifunika shuka miguuni na kuegemea mlango.

"Nikuwache uzunguke peke yako kama mbuzi aliyekatika kamba?" alisema. "Endesha, yakhe."

Lakini chai ya kituo cha mafuta nililipa mimi. Daima mimi. Alikuwa na mkono mgumu ambao sijauona tena, akibeba mkate wake na yai lake la kuchemsha kutoka nyumbani, na chumvi kwenye kipande cha gazeti, akila polepole huku akiiangalia sambusa yangu. Nikimkatia nusu alikataa kwanza, kwa heshima, kisha akaila yote.

Na alikuwa mwongo. Sijui niliseme vipi kwa upole zaidi. Umri wake uligoma kwenye sitini na tano na haukusogea muda wote niliomjua. Bosi akipiga simu kuuliza tumefika wapi, Mwalimu alijibu kwamba tumeshaipita Taif, na huku bado yuko mlangoni kwake anatafuta kiatu cha pili. Alimwambia mkewe kwamba ameshakula wakati tumbo linanguruma na mkewe analisikia. Alimwambia mwenye nyumba kwamba ana ndugu polisi. Alidanganya bila aibu na bila faida kubwa, kama mtu anayepiga mluzi.

Ila shaba ikiwa mkononi, uongo ulimkimbia. Rafiki mmoja wa bosi, mtu mkubwa wa ofisi, alileta bizimu aliloliweka mezani kwake kazini kwa miaka, zawadi kutoka kwa wageni fulani. Mwalimu alilishika, akalinusa, akalirudisha. "Hili," alisema kwa Kiarabu chake cha taratibu, "limezaliwa baada yako." Yule mtu aliondoka bila kumaliza kahawa. Bosi alicheka hadi machozi. Alimpenda Mwalimu jinsi mtu anavyompenda mbwa mkali wa jirani, anayebweka upande wa pili wa ukuta.

Namna yake ya kufanya kazi nimeiona mara nyingi hata naweza kuiigiza. Hakuanza kwa kutazama. Alifumba macho, akakiweka kitu kwenye kiganja na kukipima uzito, kwa kuwa vya kughushi, alisema, ama ni vizito mno ama vyepesi mno, na mghushi hajui kwa sababu hajawahi kushika cha kweli. Kisha akafumbua macho na kukiegemeza kwenye dirisha apate mwanga wa ubavuni. Alitafuta pale ulimi wa bizimu unapolala. Bizimu lililovaliwa lina kitanda hapo, kijidimbwi kidogo kilichochimbwa na ulimi wenyewe kwa kusuguana kila siku. Kutu ya kijani ikiwa imefunika kila mahali sawasawa, pamoja na ndani ya kile kitanda, ni vyema. Ikiwa imepakwa, inaonekana kama rangi ya kucha. Baada ya hapo ndipo alipotazama umbo na nakshi. Vibati vya umbo la pangaboi, vyembamba katikati na vipana pande mbili, ni vya karne ya nne, kuanzia katikati yake. Ncha za umbo la mtungi wenye mikono miwili, karne hiyo hiyo. Zile nakshi za kina, zilizochongwa kama mtu aliyepitisha patasi kwenye ubao, ni za mwishoni kabisa, askari wengi wakiwa si Warumi tena ila wageni waliokodiwa.

"Kama sisi," nilisema.

"Kama nyie," alisema. "Na walilipwa vibaya pia."

Aliniambia kwamba kwa askari wale mkanda ndio uliokuwa kazi yenyewe. Kuufunga ni kuandikwa jeshini, kuuvua ni kuachiwa. Nikamuuliza sisi tutavua lini. Akaniambia nimuulize kafili wangu.

Lakini kitu alichokijali kuliko nakshi ni pengo. Alinifundisha kwa mkate, tukiwa tumekaa kwenye ukuta wa kituo cha mafuta. Alishika slesi mbili. "Hichi kibati cha mbele. Hichi cha nyuma. Katikati ilikuwepo ngozi, imeshikwa na ribiti, misumari midogo. Ngozi imeliwa na udongo, sawa? Lakini vibati havikusogea. Pengo limebaki pale pale." Akaingiza ukucha kati ya zile slesi. "Pengo ndo unene wa ngozi. Ukipima pengo, umeishika ngozi ya mtu aliyekufa zamani." Wauzaji, alisema, huokota bizimu huku na ncha kule, wakaviunganisha na kuviita mkanda mzima, kwa kuwa mkanda mzima unauzwa ghali kuliko vipande. Macho yanadanganyika. Pengo halidanganyiki. Na hapo alitamka ile sheria yake, ambayo niliisikia hadi ikanichosha: mkanda mmoja, ngozi moja.

Hakupenda pale vitu vilipotoka. Kila alipomaliza kazi alivirudisha kwenye sponji yake kwa vidole viwili, akisema maneno kwa sauti ya chini. Nilidhani ni dua. Siku moja nikamuuliza.

"Nasema kila kibati hapa kimevuliwa maiti," alijibu. "Mchimbaji huitupa mifupa akachukua shaba. Shaba bila ya kaburi lake ni yatima, haijui hata kusema ilikuwa ya nani. Basi mie naisemea kidogo."

Mke wake nilimwita Mama. Hawakujaliwa watoto, na labda ndiyo sababu aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza nilipopanda ngazi zile za Karantina nikiwa nimebeba mchele. Figo zake zilikuwa zimekufa. Siku tatu kila wiki alikwenda kusafishwa damu kwenye mashine, na matibabu hayo yalilipwa na bima, na bima ilitoka kwa kafili pamoja na ikama. Yote yalikuwa uzi mmoja. Mama alilijua hilo vizuri kuliko Mwalimu. Alikuwa mwanamke mkubwa wa umbo aliyepungua akabaki macho na kicheko, anakaa kitandani akipepeta mchele kwenye sinia iliyo mapajani.

"Wenzangu wana wake wenza wanaotembea," aliniambia, "unaweza ukagombana nao. Mimi mke mwenza wangu anakaa kwenye sanduku, ana kutu, na bado ananishinda."

Mwalimu alikuwa pale pale, anamkanda miguu iliyovimba. Alimkanda kwa nguvu ya kiasi, bila haraka, na kila baada ya muda alibonyeza kidole juu ya kifundo na kutazama shimo linachukua muda gani kujaa. Hivyo ndivyo alivyojua maji yamezidi mwilini au la.

"Nimwambie nini huyu?" Mama aliniuliza. "Kila siku namwambia, Mwalimu, watu wakikuuliza, wajibu wanachotaka kusikia. Vitu vyenyewe vya makafiri waliokufa. Nani atakuja kukudai akhera?"

"Hao hao," alisema Mwalimu.

"Basi siku hiyo mimi ntakuwa shahidi wao," alisema Mama, na wote wawili wakacheka. Mimi sikucheka. Sikuipenda ile sauti ya Mwalimu aliposema hao hao.

Nije kwenye mkanda wa bosi.

Aliununua kwenye mnada, na kwa muda mrefu hakumwonyesha mtu. Bizimu lenye pomboo wawili waliogusanisha vichwa, vibati vya pangaboi, na ncha ya umbo la mtungi, vyote kutoka kaburi moja, hivyo ndivyo muuzaji alivyosema. Bosi alikuwa amechoka kuitwa mtu wa saruji. Alitaka kitu hicho kiende Ulaya kikakae kwenye kioo cha jumba la makumbusho, kwenye maonyesho makubwa, na jina lake liandikwe chini. Jumba hilo lilikubali kumtuma mtaalamu wake aje auone. Bosi akataka Mwalimu awepo, kwa sababu mtaalamu huyo aliwahi kusikia habari zake.

Siku chache kabla ya mgeni kufika, nilimpeleka Mwalimu Al-Malqa akauone peke yake. Alifungiwa nao asubuhi nzima. Tulipokuwa tukirudi Jeddah alijifunika shuka mpaka usoni hadi tulipoipita ile njia ya kuchepuka. Kisha akaniambia kwamba mkanda ni wa watu wawili. Bizimu limevaliwa sana, kitanda cha ulimi kimezama, na pengo lake ni jembamba, ngozi laini ya kuchakaa. Ncha haikuchakaa, kingo zake bado kali, umbo lake la baadaye kidogo, na pengo lake karibu mara mbili ya lile jingine.

"Bizimu la mzee na ncha ya kijana," alisema. "Muuzaji kawaunganisha."

"Bosi anajua?"

"Bosi hajui pengo ni nini. Atakuja kujua siku hiyo, mbele ya mgeni."

Niliegesha gari kando. Sikuwahi kufanya hivyo kabla. Nilimwambia, kwa Kiswahili changu cha Machakos ambacho alikuwa akikicheka, "Mwalimu, hapana. Hapo si useme tu ni moja. Hiyo story ya ngozi wachana nayo. Unajua Mama yuko kwa mashine juu ya nani?"

"Najua."

"Unadanganya mwenye nyumba. Unadanganya mpaka daktari, ati umekunywa dawa ya pressure. Hii moja itakushinda aje? Kwani utakufa?"

"Mie sitokufa," alisema. "Ndo tabu yenyewe." Akasema kwamba uongo wa kawaida anausema kwa watu wanaoweza kumjibu. Hawa wa kwenye sanduku hawana mtu mwingine. Nilimwona mjinga. Nilimwambia hivyo, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba niliendesha vibaya hadi Jeddah, naye hakulalamika. Alipofika kwake alimwambia mkewe safari ilikuwa nzuri.

Siku ya mgeni, baada ya swala ya alasiri, nilibeba sanduku kutoka chumba cha vitu vya kale mpaka majlis, sebule ya wageni, na kubaki mlangoni kama nilivyoagizwa. Mgeni alikuwa mzungu mrefu, mpole, aliyevua viatu bila kuambiwa. Alivitazama vipande kwa kioo chake kidogo, akavisifu kimoja kimoja. Bosi alikuwa amekaa mbele kabisa ya kiti. Kisha akamgeukia Mwalimu na kusema kwa Kiingereza, "Mwambie. Ni wa lini?"

"Bizimu ni katikati ya karne ya nne," alisema Mwalimu. "Vibati vinakubaliana nalo. Ncha ni ya baadaye, kama kizazi kimoja."

"Kizazi kimoja si tatizo," alisema mgeni kwa upole. "Watu walirithi vitu."

Ungeniuliza wakati ule ningesema Mungu ametufungulia mlango. Palikuwa na nafasi ya kupita, tena mgeni mwenyewe ndiye aliyekishika kitasa. Nilimtazama Mwalimu kwa nguvu zangu zote. Yeye akatoa kipande cha karatasi ngumu mfukoni mwa kanzu. Akakiingiza kwenye pengo la bizimu, kikakaa. Akakikunja, akakiingiza kwenye pengo la ncha, kikakaa vile vile.

"Ngozi ya huku na ngozi ya huku hazilingani," alisema. "Mkanda mmoja, ngozi moja. Hawa ni watu wawili. Wamezikwa mbalimbali na wakaunganishwa dukani."

Mgeni alikitazama kile kikaratasi kwa muda. Kisha akatikisa kichwa polepole, akakubali, akasema kwamba kweli hakulitazama pengo. Mambo ya maonyesho hayakutajwa tena. Bosi alimimina kahawa kwa mkono wake mwenyewe, kitu ambacho hakukifanya kamwe, akampa kwanza Mwalimu. "Halas, yamekwisha," alisema akitabasamu. "Yalla, tule." Alikula vizuri, na wakati wa kuagana alimshika Mwalimu mkono kwa mikono yote miwili.

Wiki haikuisha. Ujumbe uliingia kwenye simu ya Mwalimu kutoka kwa serikali, kwamba kafili wake amemkatia huruji, ile karatasi ya kuondoka na usirudi. Mke yumo kwenye ikama ya mume, kwa hiyo naye karatasi ilimhusu. Bima ilikatika siku hiyo hiyo. Nilimwendea bosi, nikamwambia Mama hawezi kupanda ndege, madaktari hawamruhusu. Alinisikiliza. Akasema amemlisha mtu huyo miaka mingi na hana kinyongo naye, ila sasa hana kazi ya kumpa, na sheria ni sheria. Alisema kwa utulivu kabisa, na hapo ndipo nilipojua kwamba hakuna la kufanya.

Walibaki Karantina muda wa kuondoka ulipopita. Majirani walichanga, mimi nikachanga, akasafishwa damu kwenye hospitali ya kulipia mara chache, kwa kurukaruka siku. Nilipowatembelea, Mama alikuwa amevimba uso. Hakumlaumu mumewe mbele yangu hata kwa neno. Alimuuliza tu, kama mtu anayeuliza bei ya samaki, "Lakini una hakika, Mwalimu? Watu wawili?"

"Nina hakika," alisema.

"Haya," alisema Mama.

Nilimkasirikia Mwalimu wakati ule na bado namkasirikia ninapoandika haya. Wengine niliowasimulia wanamwita mtu wa haki. Mimi nilimwona Mama akijaribu kufunga kitufe cha mkono wa gauni na mkono haumtoshi.

Mwalimu alikamatwa akienda kumnunulia Mama dawa. Polisi walikuwa wanauliza ikama mtaani, na yake ilikuwa imekufa. Walimpeleka kituo cha kuwashikilia watu kabla ya kuwarudisha makwao, wakamnyang'anya simu. Mama akabaki na majirani, ambao walifanya walichoweza, na hawakuweza mashine. Alifariki Jumatatu. Wanawake wa jengo lile walimwosha, akazikwa siku ile ile. Jirani mmoja alinipigia, na kwa bahati bosi alikuwa na shughuli Jeddah wiki hiyo, kwa hiyo Jumatano nikawa mbele ya kituo kile na begi la nguo za Mwalimu. Kupeleka begi kuliruhusiwa. Mimi nilikuwa nimepeleka msiba.

Walimleta upande wa pili wa dirisha la nyavu. Amekonda, ndevu zimeota ovyo, kikoi kichafu. Lakini uso wake ulikuwa unang'aa. Sijawahi kumwona vile. Nilifungua mdomo, naye akanizuia kwa kiganja.

"Ngoja. Nkwambie mie kwanza," alisema. "Nimekosea."

Akanisimulia kwa haraka, ameng'ang'ania nyavu. Siku ya kuingia, kila aliyeletwa alivuliwa mkanda. Askari wanaogopa watu wasijinyonge. Mikanda ikatupwa mezani, chungu nzima, ya waashi, walinzi, wapakuzi wa bandarini. Yeye hakuwa na cha kuvua, akaambiwa akae kwenye benchi kando ya meza ile na asubiri. Alisubiri sana. Akaanza kuitazama.

"Nimeishi na mikanda maisha yangu yote, yakhe, na sijapata kuiona mikanda ya watu wanaofanya kazi. Niliyoiona mie ni shaba tupu. Basi nikavuta mmoja. Huku kwenye bizimu ngozi imelainika, nyembamba, bizimu limelika. Huku mwishoni ngozi nyengine kabisa, nene, mpya, imeshonwa na uzi wa nailoni. Nikavuta wa pili, vile vile. Nikamuuliza mwenyewe, muashi wa Kisudani. Kaniambia matundu yalikatika, fundi viatu akakata mwisho akaunga kipande. Bizimu la zamani likabaki. Mtu ni yule yule." Alipumua. "Ngozi mbili, mtu mmoja. Mwisho wa mkanda ndo unaokatika, kwani huko ndo kwenye matundu. Kwa hivyo bizimu litakuwa la mzee na ncha itakuwa ya kijana, na pengo halitalingana. Lazima lisilingane, ikiwa kavaa sana. Nimesema maisha yangu yote ngozi moja. Nani kaniambia? Hakuna aliyeniambia. Nilijiambia mwenyewe."

"Mwalimu," nilisema.

"Ngoja. Nenda kwa bosi. Mwambie nimekosea, mkanda wake mzima, wa mtu mmoja. Tena bora kuliko alivyodhani, unaonyesha umri wa askari kazini. Amwandikie yule mgeni. Atafurahi. Akifurahi ataifuta huruji, na mwenzangu atarudi kwenye mashine." Alianza kuhesabu kwa vidole juu ya nyavu. "Leo Jumatano, sio? Atakuwa kakosa Jumamosi, Jumatatu, na leo. Anaweza. Alishawahi kuvumilia hivyo mwaka ule bima ilipochelewa. Mwambie asinywe maji mengi. Barafu tu, aifyonze."

Nilimwambia. Sikupata njia nzuri ya kulisema, nililisema kama lilivyo, na nikamwambia kwamba ameoshwa na kuzikwa na watu wanaompenda. Vidole vyake vilibaki pale pale kwenye nyavu. Askari wa zamu alitazama saa. Nyuma yake mtu mmoja alikuwa akiita jina la mtu mwingine, mara nyingi.

"Aliuliza kama nina hakika," alisema Mwalimu.

Nikainua begi apate kuliona.

"Nikamwambia ninayo."

Askari akasema muda umekwisha. Nilimwambia Mwalimu kwamba begi lina nguo safi na shuka lake, na kwamba habari ya mkanda nitaiacha, haina kazi tena, sitampa bosi furaha hiyo. Alikuwa ameshageuka. Akarudi mpaka kwenye nyavu.

"Mwambie," alisema. "Yule askari wa mkanda sikumtendea haki. Nimemkata vipande viwili."

Walimpandisha ndege wiki iliyofuata, nami sikumwona tena. Bosi nilimwambia kesho ya ile Jumatano tukiwa njiani kurudi Riyadh. Alinitaka nirudie mara mbili ile habari ya ngozi iliyoungwa. Kisha akampigia simu yule mgeni wa Ulaya, wakaongea na kucheka kwa muda mrefu, na akasema kwamba jina lake liandikwe kamili, na la baba yake. Alipokata simu alinyoosha miguu, akaniuliza mke wa Mwalimu anaendeleaje.